Aliyetukataza Makofi: Wasifu wa Bi Ushahidi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mwalimu wetu wa lugha na mlezi wa chama cha mdahalo cha sekondari ya chini anastaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Miaka yote hiyo ameitumikia shule hii hii. Hakuhamishwa wala hakuomba kuhamishwa, na wale waliojaribu kumwombea uhamisho wamehama wao. Amewaaga wakuu wa shule watano, na wa sita ndiye anayemuaga leo.

Alianza kazi akiwa binti mwembamba mwenye mkoba wa ngozi begani. Anaondoka akiwa bibi wa wajukuu, na mkoba ni ule ule, ila umeshonwa upya mara nyingi na mumewe, fundi cherehani, ambaye amekaa safu ya mbele leo ndani ya suti aliyojishonea mwenyewe. Shemeji, karibu sana, na suti imekukaa.

Jina la Bi Ushahidi alipewa na wanafunzi, na likamganda. Ukimwambia umechelewa kwa sababu ya mvua, atatoa mkono nje ya dirisha auangalie kama umelowa. Ukimwambia umeumwa, atakuuliza wapi. Ukimwambia umesoma, basi hapo umejitafutia mwenyewe. Amewafundisha watoto wa watoto aliowafundisha, na visingizio anasema ni vile vile, vimebadilishwa viatu tu.

Mafanikio yake ni mengi. Chama chake kimeiletea shule ngao ya mdahalo. Miradi ya mazingira ya wanafunzi wake imesifika, na kila mgeni aliyefika hapa ameyasifia mazingira yetu. Uongozi unamshukuru kwa moyo wake wa kujitolea, nidhamu yake, na ushirikiano wake mwema na wote.

Hapa ndipo ukurasa wa kwanza unapoishia, na hapa ndipo Mkuu wetu wa shule huishia kusoma karatasi yoyote kabla ya kuisaini. Ameshaisaini. Haya, sasa tuongee.

Anayewasomea wasifu huu ni mwalimu wa hisabati, jirani wa meza ya Bi Ushahidi katika chumba cha walimu, upande wa dirisha lenye kioo kilichopasuka. Ninayoyasema nimeyaona. Na kwa kuwa yeye mwenyewe ananisikiliza, sitathubutu kutia chumvi, maana ataninyanyukia hapa hapa aniulize ushahidi.

Tuanze na hayo mazingira yanayosifiwa na kila mgeni. Ni kweli tupu. Mgeni huingia kwa geti kubwa, akapita kati ya mawe yaliyopakwa chokaa, akasimamishwa mbele ya tembo aliyetengenezwa kwa chupa za plastiki. Huambiwa kwamba chupa zile ziliokotwa na wanafunzi mitaani. Uongo mtupu. Chupa zile zilinunuliwa madukani zikiwa na soda zake, na watoto wakanyweshwa soda kutwa nzima, wengine mpaka wakatapika, ili tembo apate mkonga kabla wageni hawajafika. Huo ndio tulioandika katika taarifa kuwa ni mradi endelevu.

Kutoka kwa tembo, mgeni hupelekwa kwenye Shimo. Wageni hawalijui kwa jina hilo, ila walimu na wanafunzi wote wanalijua. Liko pembeni ya jengo la ofisi, mahali pazuri kwa picha na pabaya kwa kila kitu kingine, maana chini ni vifusi vya jengo la zamani na hakuna bomba karibu. Kila mwaka mgeni rasmi hupanda mti hapo. Hupewa koleo lenye utepe, humwagia mche kikombe cha maji, hupiga picha, huondoka. Mche huishi kadiri ya kikombe kile. Mwaka unaofuata, kwa kuwa shimo lipo tayari na kuchimba jingine ni kazi, mgeni mpya hupanda mti mpya mle mle. Kibao nacho ni kile kile, hupakwa rangi na kuandikwa jina jingine. Nadhani hakuna shimo duniani lililopandwa miti mingi kuliko letu, na hakuna kivuli.

Walimu wengine tulikuwa tunacheka pembeni, kama kawaida yetu, kisha tunakwenda kunywa chai. Bi Ushahidi hakucheka. Aliwapeleka wanachama wake wa mdahalo pale Shimoni, wakakaa chini kulizunguka, akawapa mada: mti huu umeuawa na nani? Wakalishitaki jua, jua likaachiwa huru. Wakawashitaki mbuzi wa jirani, nao wakaonekana hawana hatia, kwa kuwa walikuta majani yameshakauka. Wakamshitaki Mkuu na mgeni rasmi kwa pamoja. Mwisho wake, baada ya hoja nzito kutoka pande zote, watoto waliamua kwamba mti ulikufa kwa kupigwa picha. Mkuu alisikia habari hiyo na akakasirika siku tatu. Mti haukupandwa kwingine, lakini tangu siku hiyo hakuna mtoto wa chama kile aliyekubali kushika ule utepe.

Sasa mdahalo. Wenzetu wapya hamjui mdahalo wa hapa ulikuwaje kabla yake, na bahati yenu. Ulikuwa salamu. Mtoto alisimama akaanza: mheshimiwa mwenyekiti mwenye hekima, majaji mnaohukumu kwa haki, mtunza muda usiyeyumba, wapinzani wangu mliopotea njia mchana kweupe, hamjambo? Ukumbi ukajibu haujambo. Akasema hajasikia vizuri. Ukumbi ukajibu tena kwa kelele. Kengele ikalia. Mtoto akarudi kukaa akishangiliwa kama shujaa, na hakuna aliyejua kama alikuwa anaunga mkono au anapinga. Wazazi walifuta machozi ya furaha. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tulikuwa na ghala zima la madebe.

Bi Ushahidi alizifuta salamu zote. Mwaka wa kwanza wa sheria hiyo, watoto wake walikwenda mashindanoni wakaingia kwenye hoja moja kwa moja, bila hamjambo wala mheshimiwa. Majaji waliwakata alama kwa utovu wa adabu na timu yetu ikashika mkia. Alipoitwa ofisini kujieleza, alirudi mezani, akamenya chungwa lake taratibu, akaniambia kwamba majaji wamesema watoto hawana adabu, ila hawakusema wamekosea wapi. Mwaka uliofuata wakashika mkia tena. Uliofuata baada ya huo wakafika fainali, na shule pinzani ilikuwa bado inamsalimia mtunza muda pale kengele ilipolia.

Ngao ile iliyo kabatini kwa Mkuu ndiyo hiyo. Wageni wakija huipangusa kwa leso yake mwenyewe na kusema, “Hapo tulipambana sana.” Tulipambana, ati! Yeye alihamia hapa miaka mingi baadaye, akaikuta imeshapata vumbi.

Chama kile kina sheria mbili, na mwenye kuzielewa hizi mbili ameielewa siku ya leo. Ya kwanza ni kwamba mtoto hutetea upande anaouchukia. Anayependa mpira hupewa kutetea kwamba mpira upigwe marufuku. Asiyeweza kusimama upande wa pili hata dakika chache, Bi Ushahidi husema, hana msimamo, ana ukaidi tu.

Ya pili ni ngumu zaidi. Mtoto akishinda, hashangiliwi. Huachwa avute pumzi, kisha husimama tena, mbele ya watu wale wale aliowashawishi, na kuibomoa hoja yake mwenyewe. Huwaonyesha nyufa zake alizozipitisha wao wakiwa wameduwaa. Wao hukuita huko kubomoa. Mdahalo haujaisha mpaka mshindi abomoe, na makofi hupigwa hapo tu. Anayepiga kabla hutolewa nje. Aliwahi kumtoa nje mkaguzi wa shule, mtu mzima na kitambi chake, akaenda kusimama varandani na wanafunzi waliochelewa.

Nyumbani nako hakuna aliyesalimika. Mwanawe wa kiume alipotaka pikipiki, mama alimwambia asimame sebuleni atetee kwa nini asiwe nayo. Kijana akatetea vizuri mno hadi akajishawishi. Mpaka leo anapanda baiskeli. Yupo hapa, amekaa karibu na baba yake, na ukimtazama usoni utaona bado hajaamua kama alilelewa au alidhulumiwa.

Sitamvika kilemba cha ukoka. Kufanya kazi na mama huyu si lelemama. Hapendi sifa, na hampi mtu. Neno lake kubwa kuliko yote la pongezi ni “siyo mbaya sana”, na wapo walimu humu waliolisubiri hadi wakastaafu kabla yake. Mimi alinisifu mara moja, siku nilipokaa kikao kizima nimenyamaza.

Basi tuje kwenye bustani. Ilianzishwa na msichana mmoja wa chama kile tunayemwita Katibu, kwa sababu ndiye katibu wao. Kando ya uwanja wa mkusanyiko, karibu na jiko la shule, kuna safu ya mabomba ya kunawia mikono, na chini yake palikuwa na matope ya kudumu. Siku moja Katibu aliteleza pale mbele ya shule nzima, akainuka sketi imegeuka rangi. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa Bi Ushahidi kuuliza maji yale yote yanakwenda wapi. Akaambiwa alete ushahidi. Akaweka ndoo.

Kutoka kwenye ndoo ile wakachimba mfereji. Wakayapitisha maji kwenye kokoto, mchanga na mkaa yapungue sabuni, wakayaelekeza kwenye vitalu. Mpishi akawapa maganda ya jikoni wakatengeneza mboji. Msimu wa kwanza waliua kila kitu walichopanda, kwa sababu sabuni ilizidi, na wakafanya mdahalo kuhusu hilo pia. Msimu wa pili mpishi alianza kuchuma mboga. Anachuma hadi leo. Nyote mliokula hapa mmekula maji mliyonawia mikono, na hakuna aliyekufa.

Ila bustani yenyewe haipendezi, na mimi sitasema inapendeza. Ina tope, ina harufu, ina vijiti vilivyofungwa kwa kamba za viatu. Kwa hiyo siku za wageni hufichwa. Tuna bango refu la plastiki lililoandikwa SHULE YA KIJANI, KESHO ENDELEVU, nalo hufungwa kutoka nguzo hadi nguzo mbele ya vitalu ili mgeni asione mboga. Waamuzi wa tuzo ya mazingira walipokuja, walisimama mbele ya bango hilo wakapigwa picha wamekenua, na mabamia yamewapumulia mgongoni. Wakampigia makofi tembo wa chupa. Wakatupa tuzo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, tulifundishwa hivyo. Lakini wahenga hawakutuonya kwamba kibaya kikishatembea vya kutosha hupewa cheti.

Na tuzo ikaleta balaa. Waamuzi watarudi muhula ujao kuikabidhi rasmi, na Mwenyekiti wa bodi yetu, ambaye ana duka la saruji, na tusiseme mengi kwa kuwa naye ni mgeni wetu leo, aliona kwamba shule haina mahali pa heshima pa kuipokelea. Tuzo ya kutunza udongo haiwezi kupokelewa juu ya udongo, jamani, watu watatuonaje? Panahitajika jukwaa la zege, lenye ngazi, linalotazama uwanja wa mkusanyiko. Akazunguka uwanja mikono nyuma, akatafuta sehemu tambarare, akanyoosha kidole kwenye bango. Nyuma ya bango. Pale pale.

Mkuu alisema wazo hilo ni zuri sana. Mkuu husema hivyo kwa kila wazo lililovaa tai. Hapo Bi Ushahidi akanyanyuka katika kikao akaomba kwamba, kwa kuwa bustani ni ya watoto, watoto waachiwe kulijadili jambo hilo mbele ya bodi siku ya wazazi. Wote wakakubali kwa furaha. Walidhani ni burudani. Mwenyekiti hata aliuliza kama kutakuwa na ngoma.

Mada ikawa: bustani iondolewe, jukwaa lijengwe. Na kwa sheria ya kwanza ya chama, mtu wa kuitetea mada hiyo alijulikana kabla hajatajwa. Nani aliipenda bustani ile kuliko wote? Katibu.

Mtoto alikuja chumba cha walimu analia. Hakulia kwa madaha, alilia kwa kwikwi, akasema hawezi, atafutwe mwingine. Bi Ushahidi alimpa kitambaa na kumwambia akaandike. Nilimfuata dirishani nikamwambia, “Mwalimu, safari hii siyo mazoezi.” Akanijibu, “Ndiyo maana.” Nilimwona mwendawazimu, nami nikamwambia hivyo. Hakuniomba ushahidi.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Katibu alisimama, bila salamu, akasema mambo ambayo Mwenyekiti mwenyewe asingeweza kuyasema hata angelala shuleni mwezi mzima. Alisema bustani inalisha sahani chache, lakini uwanja bila jukwaa unamnyima kila mtoto mahali pa kusimama aonekane. Alisema watoto wadogo bado wanateleza kando ya mfereji, na akawataja walioteleza. Alisema wanabustani nao wana majivuno yao, wanapenda kuonekana wana tope kwenye kucha kama wengine wanavyopenda kuonekana kwenye picha. Wenzake waliguna. Kisha akasema bustani inaweza kuhama na jukwaa haliwezi, hivyo anayeipenda kweli bustani ataihamisha, na anayekataa kuihamisha anakipenda kiwanja, haipendi bustani.

Upande wa pili ulijitahidi, lakini maji yalishawafika shingoni. Kura zikapigwa kwa mikono, na mada ikapita. Katibu alikaa kwenye kiti chake akivuta pumzi, maana kazi ilikuwa nusu. Alikuwa bado hajabomoa.

Mwenyekiti akasimama. Akapiga makofi, kisha bodi yote ikapiga makofi, kisha Mkuu akapiga kuliko bodi. “Hata watoto wenyewe wamesema!” alitangaza Mwenyekiti, akifungua mikono kama anayepokea mahari. Bi Ushahidi alinyanyua mkono kusema mdahalo haujaisha. Hakuna aliyemtazama. Harufu ya chakula ilikuwa imeshaingia ukumbini, na sote tunajua bodi yetu na chakula. Wale hawaitwi mara mbili. Viti vilisukumwa, watu wakamiminika mlangoni, wazazi nao wakafuata. Mtoto akasimama mbele ya safu tupu na kufungua mdomo wake aanze kubomoa. Bi Ushahidi alimwambia akae. “Hatuzungumzi na viti,” alisema. “Itunze.”

Ameitunza hadi leo. Katika kikao kilichofuata Mkuu alitangaza kwamba uamuzi umetoka kwa wanafunzi wenyewe, kwa njia ya kidemokrasia, na akaomba iandikwe hivyo. Bi Ushahidi akasema tena mdahalo haujaisha. Mkuu alicheka akasema, “Mwalimu, mshindi kashapatikana, unataka nini tena?” Walimu wengine walicheka naye. Kucheka na Mkuu ni kazi nyepesi, haihitaji maandalizi.

Msichana yule tangu siku hiyo wenzake wamembandika jina jipya. Wanamwita Saruji. Wanachama wale wale waliochimba naye mfereji, wanaoijua sheria vizuri kabisa, wanaojua alisimama upande ule kwa sababu aliuchukia, nao wanamwita Saruji. Hoja yake iliwaingia mno, na mtu aliyekushawishi ukajutia humsamehei upesi. Hali nao chakula. Asubuhi huja peke yake kumwagilia vitalu ambavyo kamba za fundi mwashi zimeshapita juu yake, kutoka kijiti hadi kijiti, kupimia msingi. Fundi amesema Jumatatu anachimba.

Mimi na Bi Ushahidi tulikuwa tunamwona kupitia kioo kile kilichopasuka. Asubuhi moja mwenzangu huyu, ambaye kwa miaka yote hiyo sijamsikia akikiri hata kwamba chai imepoa, akasema, “Nimekosea.” Nikamwambia ndiyo, umempa mtoto kisu akajikata mwenyewe. Akasema siyo hapo. Mtoto alistahili kuujua upande ule kuliko Mwenyekiti anavyoujua. Ndiyo silaha yake. “Nilikosea kuacha chakula kiive kabla hajamaliza,” alisema. Kisha akatoa miwani akaipangusa, na macho yake yalikuwa mekundu. Niliumia. Nalisema hilo kwa sababu hatapenda kulisikia, na leo hana la kunifanya.

Kamati ya kuaga ilimwuliza anataka zawadi gani: kiti cha kupumzikia, masufuria, au saa ya ukutani, kana kwamba mtu anayeondokewa na kengele anahitaji saa. Alisema hataki chochote. Anataka mwanafunzi mmoja apewe nafasi ya kuzungumza kabla ya chakula. Mkuu alifurahi sana, alidhani ni shairi. Ndiyo maana kwenye ratiba mlizopewa imeandikwa: Mwanafunzi, neno fupi la shukrani. Si la shukrani, Mkuu, na sidhani litakuwa fupi.

Ratiba hiyo hiyo inasema kwamba jioni mstaafu atapanda mti katika lile shimo la kando ya ofisi. Amekubali kwenda, ila mche ameukataa. Ameomba koleo na toroli la udongo. Analifukia.

Mwalimu, sasa naongea na wewe. Umetusumbua miaka thelathini na mmoja, na tutakukosa kama meno. Tunakushukuru kwa kila mara uliyotuuliza ushahidi tukiwa hatuna. Tunakushukuru kwa watoto uliotulelea ambao hawasalimii ovyo. Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na kengele, wajukuu wabishi, mume asiyekubali kushindwa kirahisi, na afya ya kutembea hadi hapa Jumatatu kutazama fundi amechimba au amefungua kamba zake.

Wageni wetu waheshimiwa, najua mnanusa na hamsikii harufu yoyote. Msiwe na wasiwasi. Wali utapikwa, mpishi yupo, na sufuria ni safi. Ila mboga hazijachumwa. Mpishi ameamua mwenyewe, na mimi simwamrishi mpishi, kwamba ataingia bustanini kuzichuma pale mdahalo wa siku ya wazazi utakapokwisha. Bango tumeliondoa leo, kwa hiyo hapa uwanjani mlipokaa mnaiona bustani vizuri, na kamba zilizopita juu yake mnaziona pia.

Mwenyekiti, naomba ukae. Wewe ndiye uliyeshawishiwa kuliko wote siku ile, na sheria inataka mshindi abomoe mbele ya wale wale.

Makofi bado. Katibu, simama.